Njia Waliyopita Wapagazi

Seremala akikosea, kosa lake hubaki kwenye meza moja. Mwalimu akikosea, kosa lake hukaa katika vichwa vya watoto wa darasa zima. Na akiwa mwalimu wa walimu, basi hesabu hiyo haina mwisho, maana kila mwanachuo huondoka nalo akaenda kulipanda mahali pengine. Mimi nilifundisha historia katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo, na katika miaka hiyo nilifundisha jambo moja kwa uhakika ambao leo unanitia haya. Ndugu msomaji, haya ni maelezo ya safari ya familia yangu kwa gari kutoka Tabora hadi pwani, tukipitia kwa wanyama wa Mikumi na kuishia Saadani. Lakini ni toba pia, na toba haina budi kuanza na kosa.

Kosa lenyewe ni hili. Kila nilipofika kwenye somo la biashara ya masafa marefu nilikuwa nikiandika ubaoni, kwa herufi kubwa: BAGAMOYO, BWAGA MOYO. Kisha nilieleza kwamba watumwa waliofungwa minyororo, walipoiona bahari kwa mara ya kwanza, walijua hawatarudi tena makwao, basi wakaibwaga mioyo yao hapo. Na wale wanaoonekana katika picha za zamani wakiwa na pembe za ndovu mabegani? Nao ni watumwa, nilisema; walibebeshwa kwa mijeledi, wakifika pwani wakauzwa wao pamoja na mizigo yao. Lilikuwa somo fupi, lenye huruma, na rahisi kusahihisha.

Mwaka 1983 mwanachuo mmoja kutoka Sikonge alinyoosha mkono. Alisema kwao wazee wanasimulia habari nyingine. Babu zao walikwenda pwani kwa hiari, kwa ujira wa nguo, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Nilimwuliza ni kitabu gani kilichosema hivyo. Akajibu, "Babu yangu, mwalimu." Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Mtihani wa muhula ulipofika akaandika maneno yaleyale. Nilimpa alama 4 kati ya 20, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Hadithi za barazani si historia."

Nilicheka mimi, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye bibi yangu mzaa baba alikuwa binti wa mpagazi.

Wazo la safari lilikuwa la mwanangu wa pili, shule zilipofungwa. Wajukuu walitaka tembo na bahari; mimi nilitaka kuiona kwa macho yangu njia niliyoichora ubaoni mara nyingi. Tulikuwa saba katika Noah moja: mwanangu kwenye usukani, mkewe, wajukuu watatu, mimi, na dada yangu mkubwa ambaye ana miaka 82. Wengi walimkataza, wakitaja miguu yake na presha yake. Alijibu kwamba ameisikia habari ya bahari tangu akiwa mtoto mapajani mwa bibi, na hatakubali kuzikwa bila kuiona.

Kabla ya kuondoka tulipita Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872. Niliwasimamisha wajukuu mlangoni nikawapa hesabu. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley, aliyekuwa na haraka na fedha nyingi, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Kwihara tarehe 23 Juni, miezi mitatu kamili. Sisi tulikuwa na zaidi ya kilometa 800 mbele yetu, nayo lami ilitufikisha Dodoma siku ileile kabla jua halijazama. Njiani tulipita upande wa ile nyika ambayo misafara iliiita Mgunda Mkali kwa sababu ya ukame wake. Wajukuu walikuwa wamelala.

Waliamka tulipoingia Ugogo, na hapo nikapata nafasi yangu. Niliwaambia kwamba lugha yetu bado inatembea na ile misafara. Posho, ambayo watumishi huisubiri katika semina, ilikuwa chakula cha mpagazi au kipande cha nguo cha kununulia chakula. Mnyapara alikuwa msimamizi wa wapagazi. Merikani ilikuwa nguo iliyotoka viwanda vya Marekani, ikatumika kama fedha katika bara zima. Na hongo? Hongo ulikuwa ushuru ambao watawala wa Ugogo walitoza misafara kwa kupita katika nchi yao na kunywa maji ya visima vyao. Ilitolewa mchana kweupe, mbele ya watu, baada ya majadiliano ya siku kadhaa. "Kwa hiyo babu," akauliza mjukuu wangu wa kidato cha tatu, "zamani hongo ilikuwa halali, siku hizi ni haramu, lakini bado inatolewa?" Mama yake alimkanya. Mimi niliona amelielewa somo.

Siku ya pili tulikwenda kutoka Dodoma hadi Morogoro, miji ambayo reli nayo huiunganisha, ile ya zamani na hii mpya ya umeme ambayo treni zake zilianza kubeba abiria mwaka 2024. Reli ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kila stesheni iliyofunguliwa iliwanyang'anya wapagazi kipande cha njia yao. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na watu wakakamatwa vijijini kwa nguvu wawabebee Waingereza na Wajerumani mizigo ya vita. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Yamkini hapo ndipo kumbukumbu zetu zilipochanganyika. Mpagazi wa mwisho waliyemjua wazee wetu alikuwa mtu wa kushurutishwa, basi tukadhani na wa kwanza alikuwa hivyohivyo.

Mikumi haiko kwenye njia yetu. Tuliipindia magharibi ya Morogoro kwa ajili ya wajukuu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Zambia huikata kwa kilometa 50 hivi, hata malori ya mizigo na twiga hupishana. Alfajiri iliyofuata tuliingia kwenye tambarare za Mkata. Twiga tuliwaona, nyumbu na pundamilia tukawaona, na kwenye bwawa la viboko mjukuu mdogo hakutaka tuondoke. Lakini tembo walichelewa. Walitokea saa tatu, kundi la majike na watoto wao, wakavuka njia mbele ya gari bila haraka, mkubwa wao akasimama kutuangalia mpaka wa mwisho alipopita.

"Babu, pembe moja ina uzito gani?" akauliza mdogo.

Swali la mtoto linaweza kuzidi mtihani wa taifa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na pembe moja ya dume mzee huweza kufikia uzito huo au kuuzidi. Ndovu ana pembe mbili. Basi kila mpagazi aliyebeba pembe kubwa alikuwa amebeba nusu ya ndovu, na msafara wenye watu 200 wa namna hiyo ulikuwa umeacha mizoga 100 nyuma yake. Miaka yote niliyofundisha nilihesabu watu na mizigo, nikahesabu maili na miezi. Ndovu sikuwahesabu. Nilisema "bidhaa" kama mtu anayetaja chumvi. Pembe hizo zilikwenda kuwa bangili huko India, vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Mtoto wa tajiri akapiga piano, na huku kwetu kundi likabaki bila mkubwa wa kuliongoza.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo 109,000. Mwaka 2014 walibaki 43,000 hivi. Utafiti uliofanyika hapohapo Mikumi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba majike waliopoteza jamaa zao kwa ujangili walikuwa na dalili kubwa zaidi za msongo, na walizaa kwa nadra kuliko wale waliobaki na jamaa zao. Nilipowaeleza wenzangu garini jambo hilo, dada yangu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Hata mnyama akitolewa kwao anajua." Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia tembo.

Tulitelemka Chalinze, tukapanda hadi Msata, kisha tukashika barabara ya mashariki inayovuka bonde la Ruvu, na jioni tukawa Bagamoyo. Kesho yake niliwaongoza kama mkuu wa chuo anavyoongoza wageni. Tulikwenda kwenye magofu ya Kaole, ambayo msikiti wake unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, ili wajue kwamba pwani ilikuwa na mji mamia ya miaka kabla ya biashara ya pembe kustawi. Tulikwenda misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakauficha ndani ya magome ya mti, wakautembeza kwa miezi mingi hadi baharini. Hakuna mtu aliyewafuata na mjeledi. Mzungu wao alikuwa amekwisha kufa. Wangeweza kumwacha popote.

Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo pia, kwenye kipindi kingine, wala sikuwahi kukiuliza kipindi cha Jumanne kinapatanaje na kile cha Alhamisi.

Tulimalizia kwenye jengo la kale la misafara, ambalo sasa ni makumbusho. Nilipostaafu nilipata kusoma kitabu cha Stephen Rockel kilichotoka mwaka 2006 juu ya wapagazi wa njia hii, nami nikasimama uani nikawasimulia wajukuu yale niliyojifunza uzeeni. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walijadiliana juu ya mshahara, waligoma posho ilipopunguzwa, na walimtoroka tajiri mkali usiku. Walikuwa na viongozi wao, ngoma zao na desturi zao, na makumi ya maelfu walipita njia hii kila mwaka. Walipofika hapa, miezi mitatu mabegani, walitua mzigo, wakaoga, wakacheza ngoma. Wanahistoria wengi wanaona kwamba hiyo ndiyo maana ya jina: bwaga moyo, tua, tulia, umefika. Watumwa nao walipitishwa hapa, hakuna anayekana, lakini bandari kuu ya kuwasafirisha katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa. Nilihitimisha kwa kumtaja yule kijana wa Sikonge, na kukiri mbele ya wajukuu wangu kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Kumbe somo lilikuwa bado.

Jioni tulikwenda ufukweni, upande wa soko la samaki. Dada yangu alishikwa mkono na mjukuu, akaingia majini hadi vifundoni, akachota maji akayaonja, akatema, akacheka. Kisha akaja kuketi karibu yangu kwenye ubao wa ngalawa.

"Mdogo wangu," akasema, "umesema vizuri. Baba yake bibi alifika hapa mara tatu. Bibi aliniambia. Kila alipofika alicheza ngoma. Lakini hukusema alizifanyia nini nguo alizolipwa."

Nilisema labda alinunua ng'ombe.

"Safari ya kwanza na ya pili, ndiyo. Safari ya tatu alinunua mtoto wa kike, pale Tabora, kwa watu waliotoka Umanyema na msafara. Hakutimiza miaka kumi na miwili. Akalima mashamba mume akiwa njiani. Alipokua akamfanya mkewe, akamzaa bibi. Huyo ndiye mama yake bibi yetu. Hakuiona bahari hii hata siku moja. Bibi alisema alikuwa akikaa uani jioni akitazama magharibi, na ukimwuliza jina la kwao anasema amelisahau."

Tulikaa kimya. Wajukuu walikuwa wakifukuza kaa. Hatimaye nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, mimi niliyesomea historia.

"Hukuniuliza," akajibu. "Ulikuwa ukija likizo unatufundisha."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimekwenda Bagamoyo kulibadilisha jibu moja kwa jingine: kuwafuta watumwa ubaoni na kuwaandika wafanyakazi huru mahali pao. Ilinipendeza, kwa sababu babu mwenye ujira anapendeza kuliko babu mwenye mnyororo. Lakini mambo hayo mawili hayakuwa vipindi viwili. Huko Unyamwezi wanaume walipokuwa njiani kwa miezi mingi, mashamba yalihitaji mikono, na ujira wa pwani ulinunua mikono hiyo kutoka kwa watu walionyakuliwa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Uhuru wa mmoja uliegemea utumwa wa mwingine, ndani ya boma moja, hata juu ya kitanda kimoja. Ndovu aliuawa, pembe yake ikawa ujira, ujira ukawa nguo, nguo ikawa mtoto wa watu. Na mtoto huyo ndiye sisi. Yule aliyeutua moyo wake hapa ni babu yetu, na yule aliyeubwaga wake mahali pasipojulikana ni bibi yetu. Nikichagua mmoja nitakuwa nimemkana mwingine.

Siku iliyofuata tulikwenda Saadani, kupitia Makurunge. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nayo inasifika kwa kuwa nyika yake inafika hadi kwenye maji ya bahari. Kijiji cha Saadani nacho kilikuwa bandari ya misafara, na hapo Bwana Heri aliwapinga Wajerumani kwa silaha kuanzia mwaka 1888 hadi aliposalimu amri mwaka 1890. Tuliona ngiri na swala karibu sana na mchanga wa pwani, na wenyeji wakatueleza habari za kasa wanaopanda ufukwe wa Madete kutaga mayai. Tembo hatukuwaona, ila kinyesi chao na matawi waliyoyavunja. Mjukuu mdogo alisikitika. Dada yangu akamwambia, "Wamejificha. Wana haki." Kisha tukageuza gari kurudi nyumbani.

Tulipofika Tabora nilimtafuta yule mwanachuo wa Sikonge kwa kuulizauliza, mpaka nikapata namba yake. Naye sasa ni mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kama tuliachana jana.

Nilimwambia sababu ya kumpigia. Nilitaja mwaka, nikataja zile alama 4, nikataja maneno ya wino mwekundu. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo nikadhani simu imekatika.

"Mwalimu, mimi sikukasirika," akasema. "Nilirudia ule mtihani, nikaandika ulivyotaka, nikafaulu. Kisha nikafundisha miaka 33 vilevile ulivyonifundisha, maana na mitihani ilitaka hivyo. Hata wajukuu wa babu yangu niliwafundisha mimi kwamba babu yao alikuwa mtumwa."

Ndiyo maana nimesema kosa la mwalimu wa walimu halina mwisho. Sikuwa na la kumjibu, isipokuwa kumwomba anisimulie habari za babu yake tangu mwanzo. Alisimulia karibu saa nzima, mjukuu wangu wa kidato cha tatu akaandika yote katika daftari. Nilimwambia aulize na upande wa bibi yake pia, nani alilima wakati babu yuko njiani. Akasema hajawahi kuliwaza hilo, ila yuko shangazi yake mmoja ambaye bado ana kumbukumbu, na Jumapili atakwenda.

Katika daftari hilohilo mjukuu amechora ukoo wetu. Juu kabisa, kando ya jina la mpagazi, ameandika: "Mkewe, alitoka Umanyema, alinunuliwa Tabora, jina lake la kuzaliwa halijulikani." Baadhi ya jamaa wameona ni aibu kuliandika jambo hilo, wakataka lifutwe. Nimekataa. Nimekwisha kufuta mengi ubaoni katika maisha yangu.

Ndugu msomaji, ukipata gari na likizo, wapeleke watoto wako wakawaone tembo na bahari. Wape tarehe na hesabu, hazidhuru. Lakini usimwache nyumbani dada yako mkubwa, na mkiwa njiani nyamaza kidogo ili apate kusema.